Askari Aliyeketi Miguu Mitupu

Habari ya kifo cha rafiki yangu ilinifikia sokoni Machakos nikichagua viazi. Simu ililia mfukoni, nikaona jina la binti yake, na kabla sijaitikia nilijua. "Baba ametuacha, asubuhi hii," alisema, kisha akangoja kama mtu anayetaka kuambiwa kwamba amekosea. Nilimpa pole, nikauliza maswali ambayo watu huuliza, nikaondoka na kuviacha viazi juu ya meza ya yule mama. Nilitembea hadi stendi bila kujua ninakwenda wapi. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kuwa siandiki tanzia za wakubwa, kwa sababu wakubwa wana watu wa kuwaandikia. Huyu hakuwa mkubwa. Alikuwa mchora ramani katika ofisi ya upimaji wa ardhi, akastaafu kabla nywele hazijaisha kuwa nyeupe, akarudi kwao kwenye vilima vya Kangundo, akajifungia katika chumba kidogo kando ya nyumba na kuanza kazi ambayo majirani hawakupata jina la kuiita. Alichonga watu wa kale kwa mti, warefu kama kidole cha kati, akawapaka rangi, akawajengea mahali pa kusimama.

Tulijuana mwishoni mwa miaka ya tisini kwenye benchi la kliniki ya macho mjini. Foleni ilikuwa ndefu na sote tulikuwa tumeishiwa na mazungumzo. Akatoa mfukoni kopo la rangi ya viatu, akalifungua, na ndani yake, juu ya pamba, alilala mwanamume mwenye shuka begani na pembe ya ndovu juu ya shuka hiyo. Alikuwa Mkamba wa enzi za misafara, wakati babu zetu walipokuwa wakienda na kurudi pwani kwa biashara. Misuli ya shingo ilionekana kukaza. Vumbi lilikuwa limempanda hadi magotini, jekundu chini na hafifu juu, vile vumbi linavyompanda mtu kweli. Mama aliyeketi kati yetu alisogea mbali. "Hiyo ni ya nini? Ni ya uchawi?" Rafiki yangu hakucheka wala hakukasirika. "Huyu ni babu yako, mama," alimjibu. "Anaenda pwani." Yule mama alitazama tena, safari hii kwa muda mrefu, kisha akauliza kama babu huyo alirudi. "Hiyo sijui," alisema, na nilisikia katika sauti yake kwamba swali hilo lilikuwa limemgusa kuliko alivyotarajia.

Nilianza kumtembelea. Kila mgeni aliyeingia katika chumba kile aliuliza swali lile lile: unauza wapi? Sisi ni watu tuliozoea kuwaona wachongaji wa Wamunyu wakichonga simba na twiga kwa ajili ya wageni, na mti uliochongwa bila mnunuzi tunauona kama shamba lililolimwa bila mbegu. Yeye hakuuza hata mmoja. Alikuwa akisema kwamba kwa miaka mingi ofisini alichora ardhi bila watu, mipaka na mito na vilima, na kila mara alijiuliza ni nani waliopita hapo. Sasa alikuwa akiwarudisha. Nilimtazama akifanya kazi. Uso alianza kwa hudhurungi nzito karibu na nyeusi, akaungoja ukauke, akaongeza hudhurungi iliyo hafifu zaidi kwenye mfupa wa shavu na juu ya pua, kisha hafifu zaidi, kila tabaka jembamba kama pumzi kwenye kioo. Macho aliyaweka mwisho kabisa, kwa brashi iliyobaki na unywele mmoja au miwili, na alipoyaweka alizuia pumzi. "Ukikosea macho," aliniambia, "umechonga kijiti."

Lakini askari ndio waliomleta kwenye kazi hii, na kati yao askari mmoja. Baba yake alichukuliwa na Keya, lile jeshi la Mwingereza, wakati wa vita vya pili, akapelekwa Bama, kule Asia kupigana na Mjapani. Rafiki yangu alikuwa ndiyo kwanza anaanza kukimbia, mdogo wake alikuwa bado kifuani. Baba hakurudi. Chifu alikuja nyumbani akamwambia mama yao kwamba mumewe amepotea vitani. Hakusema amekufa. Alisema amepotea, akanywa uji, akaenda zake. Hapakuwa na picha, hapakuwa na nguo, hapakuwa na kaburi. Yule mama hakuolewa tena. Aliwalea wanawe wawili kwa kahawa na maharagwe, na walipomuuliza baba yao alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa akimwonyesha kidole yule mdogo: "Uso ni huo. Mkitaka kumwona baba yenu, mwangalieni huyu."

Kwa hiyo alipoamua kumchonga baba yake, alimwita mdogo wake, ambaye siku hizo alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi hapo Kangundo na cheo cha mzee wa kanisa. Mdogo alifunga duka mchana kutwa, akaja na kuketi juu ya stuli, kidevu juu, huku kaka yake akimzunguka na kisu na kipande cha mti. Niliwakuta hivyo. Walikuwa wakitaniana kama watoto. "Usinichonge na hii tumbo," alisema mdogo. "Baba hakuwa na duka," alijibu mkubwa. Askari aliyetokea alikuwa amesimama wima juu ya mwamba, bunduki mkononi, kofia pana imekunjwa upande mmoja, macho mbele. Mama yao alikuwa ameshikwa na mtoto wa jicho na alikuwa haoni ila mwanga, lakini walipomwekea askari yule viganjani alimpapasa kuanzia kofia hadi viatu, akaitikia kwa kichwa polepole, akasema, "Amefika." Tangu siku hiyo alikaa naye. Alimweka juu ya kijimeza kando ya kitanda, akampapasa kila asubuhi kabla ya kuomba. Mdogo alipanga ibada ya shukrani kanisani, askari aletwe mbele, watu wasimame.

Kabla ya ibada hiyo, muumini mmoja alimwambia rafiki yangu kwamba huko Muthetheni kuna mzee wa Keya ambaye, akianza kusimulia vita, hukosi kusikia habari za mtu mmoja wa Kangundo. Alikwenda. Alimwomba mama yake yule askari, akambeba katika lile kopo la rangi ya viatu, kwa sababu alitaka tu kuuliza kama kofia ilikuwa sawa. Haya yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, na sijawahi kumsikia mtu akisimulia huku ameitazama sakafu muda wote. Yule mzee alimgeuza askari huku na huku karibu na jicho lake. "Kofia ni sawa," alisema. "Shati ni sawa. Lakini huyu simjui." Rafiki yangu akamtajia jina la baba yake. Mzee akamrudishia askari, akaagiza kiti kingine kiletwe, akamwambia aketi.

"Baba yako hakupigwa risasi," mzee alisema. "Alikuwa anahara damu. Mvua ilikuwa mingi, hiyo mvua haiko huku kwetu. Matope mpaka hapa. Tulitumwa mbele ya barabara, watu kidogo, tumebeba risasi na chakula. Akashindwa kutembea. Tukambeba. Tukashindwa, kwa sababu mlima ulikuwa kama ukuta na sisi wenyewe tulikuwa wagonjwa. Sajenti akamketisha chini ya mianzi, akampa blanketi na maji, akamwambia, wenye kuja nyuma watakuchukua. Baba yako akasema, ndiyo, afande. Alijua. Wenye kuja nyuma walikuwa ni sisi, nyuma yetu hakuna mtu."

Rafiki yangu alidhani mzee amemaliza, akaanza kuinuka. Mzee akamwashiria aketi tena. "Sasa mimi viatu vyangu vilikuwa vimeoza. Nilikuwa nimefunga miguu na gunia. Baba yako akaniita, akaniambia, toa hiyo takataka, vaa hizi zangu. Nikakataa. Akaniambia, chukua, mimi siendi mahali. Nikavaa. Nikapanda. Tulipotumwa kurudi kumtafuta, mto ulikuwa umepanda, umebeba hata mianzi. Hatukuona hata kofia. Lakini mimi nilitoka Bama na miguu yangu yote miwili. Unaona?" Akamwonyesha miguu yake, mikavu, iliyopasuka visigino kama ya mkulima mwingine yeyote, na rafiki yangu akaitazama kwa sababu hakujua atazame nini kingine.

Aliporudi hakumwambia mtu yeyote isipokuwa mimi. Ibada ya shukrani ilifanyika, askari akasimama mbele ya madhabahu juu ya kitambaa cheupe, watu wakaimba, mdogo akahutubia juu ya ushujaa. Rafiki yangu aliketi kiti cha mwisho. Wiki hiyo hiyo alianza kuchonga mwingine.

Nilimwona akimtengeneza huyo wa pili miezi mingi, na ninaweza kusema kwamba sijaona kazi iliyofanywa kwa uchungu kama ule. Uso ulikuwa ule ule wa mdogo wake, lakini mashavu yamebonyea, midomo imekauka, na chini ya ngozi alitia kijivu kidogo sana ambacho usingeweza kukiona ila kwa kuhisi kwamba mtu huyu hana siku nyingi. Askari ameketi, mgongo umeegemea shina la mwanzi, mikono imelala juu ya mapaja, miguu imenyooshwa mbele, mitupu. Ardhi ya chini alianza kuijenga juu ya kipande cha mlango wa zamani. Alirundika karatasi zilizolowekwa kwa gundi mpaka ukapatikana mteremko, akamimina juu yake udongo uliochujwa kwa soksi ya nailoni ya binti yake, akaupaka varnishi mpaka ukang'aa kama matope mabichi. Mianzi ilikuwa mabua ya nyasi, kila pingili imefungwa kwa uzi na kupakwa rangi. Nyuzi za katani zikawa majani yaliyolala chini kwa uzito wa maji. Nilimuuliza mvua ataichonga vipi. "Mvua huwezi kuichonga," alisema. "Unaonyesha tu mahali ilipomlowesha." Akayapaka weusi mabega ya shati na mikunjo ya blanketi. Mwisho, kwa kichwa cha msumari alichokinoa, alikandamiza nyayo za viatu kwenye matope, zikipita mbele ya yule askari, zikipanda mlima, zikiishia kwenye ukingo wa ubao. Hapo ndipo nilipolazimika kutoka nje.

Mdogo wake alimkuta nayo siku moja alipopitia bila kubisha hodi. Alitazama. Alipotambua uso, alirudi nyuma hatua moja. "Umenichonga mimi nikikufa," alisema. Rafiki yangu akamweleza yote, Muthetheni, kuhara damu, viatu. Mdogo alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi, kisha akasema maneno ambayo mpaka leo siwezi kuyaita ya kipumbavu: "Hii maneno usimpelekee mama. Mama amebaki na siku ngapi? Mwache aende na bwana yake akiwa amesimama. Ukweli wako utamsaidia nini?" Rafiki yangu alifunika kazi yake kwa kitambaa, akaiweka juu ya rafu, na ikakaa hapo.

Nilikuwepo siku ilipoteremka. Ilikuwa asubuhi ya jua, mama yao ameketi barazani akichambua maharagwe kwa vidole, mimi na mwanawe tunakunywa chai. Bila kuinua kichwa alisema, "Yule askari wako mwingine yuko wapi? Nilisikia harufu ya rangi miezi yote hiyo, halafu ikaisha, na hukuniletea kitu." Rafiki yangu alinitazama. Aliingia ndani, akatoka na askari aliyesimama, yule wa zamani, akamweka mkononi mwake. Mama alimgusa kofia tu. "Huyu namjua, nalala naye chumba kimoja. Nataka yule mwingine." Rafiki yangu akaenda kwenye chumba chake, akarudi na ubao mzima, akauweka magotini pa mama yake na kuiongoza mikono yake. Vidole vilipita juu ya mianzi, vikashuka, vikampata.

"Kwa nini ameketi?"

"Amechoka, mwaitu," alisema, kwa neno la kwetu la kumwita mama.

"Amechoka ama anakufa?"

"Anakufa."

Vidole vikashuka kwenye miguu, vikasimama hapo, vikarudi, vikashuka tena. "Viatu viko wapi?"

"Alimpa mwenzake."

"Nani yuko na yeye hapo?"

"Hakuna mtu, mwaitu."

Chai ilipoa vikombeni. Nilidhani atalia, lakini alipozungumza sauti yake ilikuwa kavu. "Mimi nilifikiri ameoa huko," alisema. "Waliniambia amepotea. Mtu mzima anapotea aje? Nikasema, huyu amepata mwanamke wa huko, amejenga, ako na watoto. Nilimtukana huyo mwanamke kila siku nikienda mtoni. Nilimtukana na yeye." Akamfunika askari kwa viganja viwili kama mtu anayemkinga kifaranga na mvua. "Kumbe nilikuwa natukana mtu anakufa peke yake." Hapo ndipo alipolia, na kilio chake hakikuwa cha mzee. Kilikuwa kilio cha mwanamke mwenye watoto wawili wachanga ambaye chifu ametoka kwake sasa hivi.

Siku zilizofuata alikula kidogo sana. Mdogo alikuja, akakaa kitandani pake, akamwambia kwamba mzee wa Muthetheni amezeeka na anachanganya mambo. Mama alimwambia amnyamazie. Alichotaka ni kimoja tu, apelekwe kwa mtu aliyevaa vile viatu. Mdogo akakataa kutoa gari. Alisema hatashiriki. Nikatoa langu, Datsun kuukuu ambayo milima ya kule iliijua vizuri kuliko mimi, tukampakia mama mbele na blanketi na mto, tukashuka hadi Muthetheni polepole.

Yule mzee alikuwa ameambiwa. Alikuwa amevaa koti na kujikalisha wima. Waliketishwa wakitazamana, yule haoni, huyu hasikii vizuri, na ilibidi rafiki yangu arudie kila neno kwa sauti kubwa, kitu ambacho kilifanya mazungumzo ya siri kuliko yote kusikika boma zima. Mama hakuanza na salamu. "Vilikutosha?" aliuliza. Mzee alipoelewa alitikisa kichwa. "Vilikuwa vikubwa, mama. Niliweka majani ndani." Mama akacheka, kicheko kifupi, cha kwanza na cha mwisho nilichowahi kumsikia. "Ndiyo," alisema. "Alikuwa na mguu mkubwa." Kisha akainama mbele kidogo. "Alinitaja?"

Nilimwona rafiki yangu akifumba macho. Ingekuwa rahisi kiasi gani! Neno moja, jina moja, na bibi kizee angerudi nyumbani akiwa tajiri. Taya la mzee wa Muthetheni lilitafuna hewa. "Hapana, mama," alisema. "Alikuwa anataka maji." Mama alibaki ameinama, kisha akarudi nyuma kitini. "Asante," alisema. Tulipanda tena vilima vya Kangundo.

Alifariki kabla ya mvua za vuli. Daktari alisema moyo, na umri wake ulitosha kuwa sababu. Lakini mdogo alikuwa na sababu yake, akaitamka mbele ya jeneza, watu wakisikia: "Umemuua mama na kipande cha mti." Aliagiza askari aliyesimama awekwe ndani ya jeneza, kifuani pa mama. Rafiki yangu hakupinga. Alisaidia kuubeba mwili, akarusha udongo, akarudi kwenye chumba chake. Ndugu wale wawili, ambao mashamba yao yametenganishwa na mstari mmoja wa mibuni, hawakusemezana tena. Walipokutana kanisani walitazama vitabu vya nyimbo.

Nimefikiria sana juu ya jambo hili kwa miaka iliyopita, na si kwa sababu ya familia moja tu. Nchi yetu inapenda watu waliosimama. Tukijenga sanamu tunaijenga imenyoosha mkono, kidevu juu. Tukimzika mtu tunamsimamisha kwa hotuba, hata kama sote tunajua alivyolala. Hawa wazee wa Keya waliochukuliwa kutoka vijiji vyetu vyote, Mwala, Masinga, Kangundo, tumewaweka katika sentensi moja ya ushujaa, kisha tukawaacha wafe na habari zote zilizokuwa chini ya sentensi ile, za kuhara, njaa, hofu, na mlima kama ukuta. Tunasema tunawaheshimu. Nadhani mara nyingi tunawaogopa. Mficha maradhi, wahenga walisema, kilio humuumbua, na kilio cha nyumba ile kilikuwa kimefichwa zaidi ya nusu karne nyuma ya neno moja la chifu. Lakini sitaki kujifanya kwamba ukweli uliponya. Mwanamke mmoja alikufa akiwa na huzuni ambayo hakuwa nayo mwaka uliotangulia, na ndugu wawili wakapotezana. Siku moja nilimuuliza rafiki yangu kama angejua yatakayofuata, angefanya vile tena. Alikuwa akipaka rangi kwato za punda, na brashi haikusimama. "Sijui," alisema. "Lakini mama aliuliza."

Yeye mwenyewe aliugua koo, mwaka jana. Chakula kikaanza kukataa, kisha maji, kisha sauti. Hospitalini walimlaza katika wodi yenye wagonjwa wengi, na binti yake alikuja kutoka Nairobi kila alipopata ruhusa kazini. Mimi nilikwenda nilipoweza. Jioni yangu ya mwisho naye alinivuta shati nikainama. Sauti ilikuwa kama karatasi inayokunjwa. "Amekuja?" Nilijua anamuulizia nani. "Bado," nilimwambia. Akaachilia shati. Asubuhi yake alikufa wakati wauguzi wanabadilishana zamu, na aliyegundua ni mgonjwa wa kitanda cha pili.

Mazishini walisema aliaga kwa amani, akiwa amezungukwa na wapendwa wake. Mhubiri alisema hivyo, na jirani akasema hivyo, na mdogo wake, aliyezungumza kwa niaba ya familia, alisema hivyo pia, akiwa amevaa suti nyeusi, sauti imetulia. Alimsifu kaka yake kwa utumishi wa umma. Hakutaja chumba kile wala watu wadogo walio ndani yake. Watu walipotawanyika kwenda kula, alinifuata nyuma ya nyumba, mahali ambapo hakuna aliyetusikia. Kwa karibu niliona alikuwa amezeeka ghafla.

"Wewe ndiye ulikuwa na yeye mwisho," alisema.

"Jioni ya kuamkia siku aliyokufa. Ndiyo."

"Alisema kitu? Juu yangu?"

Niliyaona maneno mazuri yote yakiwa tayari mdomoni: kwamba alikusamehe, kwamba alikutaja kwa upendo, kwamba alitabasamu. Nisingepungukiwa na chochote kwa kuyatoa. Nikamtazama usoni. "Aliuliza kama umekuja," nilisema. "Nikamwambia bado."

Alisimama. Aliitazama mibuni. "Ungeweza kusema vingine," alisema hatimaye.

"Ningeweza."

Aligeuka akashuka shambani kati ya mibuni, katika ile suti, na hakurudi kula na wageni. Hajanisalimia tangu siku hiyo, na sitarajii kwamba atanisalimia.

Sina neno la faraja la kuwapa wiki hii, wasomaji wangu. Nina funzo moja tu, nalo ni gumu, na mwalimu wangu ni mtu aliyekufa bila kuona lilimletea faida gani. Hatuna ruhusa ya kumwendea mtu mlangoni na kumrushia ukweli ambao hakuuomba. Huo ni ukatili uliovaa joho. Lakini mtu akituuliza, awe bibi kizee kipofu au adui yetu mwenye suti nyeusi, si kazi yetu kumpimia ni kiasi gani anaweza kubeba. Ameshauinamia mzigo. Kinachobaki kwetu ni kumtwika wote, kisha tusiondoke haraka.